Mfumo wa kurekodi muda kazini na zile ruhusa za masaa mawili: nimekaa nao mwaka na miezi miwili

Kabla ya huu mfumo tulikuwa na kaunta buku getini kwa mlinzi. Unaandika jina, saa ya kutoka, unakoenda, saa ya kurudi, unasaini. Kwenye "unakoenda" nusu ya kitabu kimeandikwa "hapo nje". Kwenye saa ya kurudi hamna kitu, maana ukirudi mlinzi yuko bize anafungulia gari, unapita zako. Mwisho wa mwezi mimi ndo naletewa hicho kitabu nikae nacho na Excel nijue nani alitoka lini na aliruhusiwa na nani, na kwa kweli nilikuwa nakisia tu, nisiwafiche. Kwa hiyo bosi aliposema tunaleta mashine ya kidole na programu yake nilifurahi kuliko mtu yeyote pale ofisini, wengine walinuna wiki nzima.

Sisi ni kampuni ya kuklia mizigo, yaani tunamaliza nyaraka za forodha na kuitoa mizigo ya watu bandarini, ofisi iko Dar upande wa Kurasini, tuko watu 34 ukihesabu madereva na watu wa stoo. Jumatatu mpaka Ijumaa saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni na lisaa limoja la chakula katikati, Jumamosi saa 2 hadi saa 7 mchana, jumla masaa 45 kwa wiki, ndo kikomo cha sheria ya ajira ya 2004. Jina la mfumo nalihifadhi kwa sababu waliotuuzia bado tunafanya nao kazi, na baadhi ya madudu nitakayosimulia tuliyafanya wenyewe.

Kuingia asubuhi na kutoka jioni sitaongelea sana, hiyo kila mashine inaweza. Kilichonifanya niandike ni zile ruhusa za katikati ya siku ambazo mtu anatoka masaa mawili matatu na mshahara wake uko palepale: mtoto kliniki, kikao cha wazazi shuleni, NIDA kufuata kitambulisho, benki, kuzika. Ofisi nyingi hizi ruhusa zinaenda kwa kujuana. Ukimkuta bosi kaamka vizuri unaenda, ukimkuta kanuna unaambiwa "kazi zako nani atafanya". Mfumo ukisetiwa vizuri unaondoa hilo. Ukisetiwa vibaya unafanya mambo ambayo hata bosi mwenye roho mbaya asingeyafikiria.

Unavyofanya kazi ni hivi. Unaomba kwenye simu au kwenye kompyuta ya mapokezi, unachagua aina ya ruhusa, unaweka kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, inaenda kwa msimamizi wako, anakubali au anakataa. Ukifika getini unabonyeza namba ya hiyo ruhusa, unaweka kidole, unatoka. Ukirudi unaweka kidole tena. Kama ni ruhusa ya kulipwa mfumo unaziba lile pengo, unaonekana siku yako imekamilika masaa nane. Kama si ya kulipwa, au ulitoka bila kuomba, zile dakika zinakatwa na zinaenda moja kwa moja kwenye karatasi ya mishahara. Namba zetu sasa hivi ni 1 hospitali, 2 msiba, 3 mambo binafsi, 4 kunyonyesha, 5 kazi ya nje, 6 ibada, na 0 ni bila malipo. Namba 3 tumeiwekea kikomo cha masaa nane kwa mwezi, ukizidisha inakula kwenye likizo yako ya siku 28. Hicho kikomo ni cha kwetu, sheria haijapanga masaa ya mambo binafsi, kwa hiyo kila ofisi ijipangie na iandike kwenye kanuni zake, msije mkaniambia nimewadanganya.

Sasa shida ya kwanza, na hii mtacheka. Mfumo una Kiswahili, wameutafsiri, na kwenye orodha kuna kitu kinaitwa "Kutokuwepo kwa Malipo". Walimaanisha umetoka na unalipwa. Hebu isome tena. Watu wetu wote waliisoma kwamba malipo hayapo, wakaikimbia kama ukoma, wakawa wanachagua ile ya chini yake iliyoandikwa "Kutokuwepo kwa Kawaida" wakidhani hiyo ndo salama, kumbe hiyo ndo inakata hela. Mwezi wa kwanza watu tisa walikatwa masaa ambayo walikuwa wameruhusiwa kihalali kabisa. Nilikesha nayo siku mbili kurekebisha mmoja mmoja. Tulivyowapigia waliotuuzia wakatuonyesha sehemu ya kubadilisha majina, sasa imeandikwa "Ruhusa, unalipwa" na "Ruhusa, hulipwi". Ilichukua dakika tatu. Sielewi kwa nini siku ya kufunga mfumo hawakutuambia hiyo sehemu ipo.

Ya pili ndo iliniuma zaidi. Kuna kaka wa stoo, kijana mtulivu, mshahara wake shilingi 585,000, aliomba ruhusa ampeleke mama yake hospitali. Akaingia kwenye simu yake akajaza kuanzia 4:00 hadi 6:00. Msimamizi wake akaona 4:00 hadi 6:00, akakubali palepale, akamwambia na pole. Saa nne asubuhi kijana akatoka, saa sita akarudi, kidole kaweka vizuri kote. Mwisho wa mwezi kakatwa 6,000. Anakuja kwangu na karatasi ya mshahara mkononi haongei, ananionyesha tu pale kwenye mstari. Nafungua mfumo, naona ruhusa ipo, imekubaliwa, ila ni ya saa kumi alfajiri hadi saa kumi na mbili asubuhi! Mashine inahesabu saa za kizungu, kwayo 4:00 ni alfajiri watu wamelala, yale masaa yake mawili ya kweli kuanzia 10:00 imeyaona ni utoro. Aliyeomba alielewa, aliyekubali alielewa, asiyeelewa ni mashine peke yake, na yeye ndo anayeandika mshahara.

Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi ukiitazama, ndo inavyoudhi. Kwa jedwali la sheria mshahara wa mwezi unagawa kwa 4.333 kupata wiki, afu unagawa kwa masaa 45, inakuja kama masaa 195 kwa mwezi, kwa 585,000 ni elfu tatu kwa saa, mara mbili elfu sita. Elfu sita kwa mtu wa stoo ni nauli ya daladala ya wiki. Tulimrudishia mwezi uliofuata, ila nilipoanza kupekua nyuma nikakuta ruhusa nyingine saba za alfajiri, watu hawakusema, wamekatwa na wamenyamaza. Na kuna mmoja alijaza 8:00 hadi 10:00 akimaanisha alasiri, mfumo ukaona asubuhi, na asubuhi alikuwepo kazini, kwa hiyo ukawa unamhesabu yupo na hayupo kwa wakati mmoja, ripoti nzima ya siku hiyo ikagoma kufunguka.

Dawa tuliyopata: mfumo una sehemu ya kuweka masaa ya kazi, na kuna kitufe cha kukataa ombi lolote lililo nje ya masaa hayo. Tumekiwasha. Sasa ukijaza 4:00 inakuandikia muda huo hauko kazini, jaza upya. Haisaidii kwa yule wa 8:00 maana nayo iko ndani ya masaa, kwa hiyo pale mapokezi na getini nimebandika karatasi kubwa, kushoto saa yetu kulia saa ya mashine, saa 4 asubuhi = 10:00, saa 8 mchana = 14:00. Nimeiandika mwenyewe kwa maka peni. Teknolojia ya mamilioni inaendeshwa na karatasi na selotepu.

Tuje kwa akina mama. Kuna mama wa mapokezi alirudi kutoka likizo ya uzazi, zile siku 84, ananyonyesha. Sheria ya ajira inasema mwajiri amruhusu anayenyonyesha hadi masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi, na sisi tulikubaliana naye asubuhi aingie saa 3 badala ya saa 2, jioni aondoke saa 10. Hakuna aliyeuambia mfumo. Ripoti ya kwanza ya wachelewaji ilivyotoka jina lake liko namba moja, kachelewa siku zote za mwezi bila kukosa hata moja, na kwa ujuaji wetu tulikuwa tumeamua ripoti inabandikwa ubaoni. Alikaa chini ya huo ubao asubuhi nzima akipokea wageni. Hilo sina wa kumlaumu, nilibandika mimi.

Mwanzoni tukamwambia aombe kila siku, ruhusa mbili kwa siku, asubuhi na jioni, yaani mtu anyonyeshe na ajaze fomu arobaini na kitu kwa mwezi. Alivumilia wiki mbili. Kumbe kuna ruhusa ya kujirudia, unaweka mara moja, unachagua siku, unaweka tarehe ya mwisho, imeisha. Hiki kitu ni kizuri sana jamani, na nikiulizwa kitu kimoja cha kuupongeza huu mfumo nitakitaja hiki. Toka tumekiweka hakuna msimamizi anayeweza kumwambia leo kuna kazi nyingi usiende, maana akimzuia lazima akakatae kwenye mfumo na jina lake libaki pale na tarehe. Kwenye kaunta buku kukataa kulikuwa ni mdomo tu.

Kwenye ibada tuliweka namba 6 kwa ajili ya Ijumaa. Lisaa la chakula linaanza saa 7, ila watu wa swala wanatakiwa watoke kama saa 6 na nusu, kwa hiyo ile nusu saa ndo inaingia namba 6 na inalipwa. Wengine wakaanza kusema mbona wao hawana nusu saa ya Jumapili, na Jumapili hatufanyi kazi, basi ikawa kelele tu. Ilipita.

Msiba nao. Baba wa mwenzetu mmoja alifariki, tukaenda kuzika Kinondoni watu kumi na moja kwa basi la ofisi, saa 8 mchana hadi saa 11. Mfumo una kengele, ukiona watu wengi wametoka kwa pamoja unatuma meseji kwa mkuu. Sasa uko makaburini, shehe anaomba dua, watu wametulia, simu ya bosi inalia mlio wa meseji mara moja, mbili, tano, anaitoa mfukoni anaangalia inamwambia wafanyakazi wako 11 hawapo kazini. Anatuangalia, tuko hapohapo mbele yake. Ile kengele ilizimwa kesho yake. Zile siku nne za msiba wa mtu wako wa karibu zilizopo kwenye sheria hazihusiani na hii namba 2, hizo ni likizo kamili, namba 2 ni ya kwenda kumzika wa mwenzio, msizichanganye kwenye ripoti maana mtu wa mishahara atawachanganyia yote.

Kazi ya nje sasa, namba 5, kwa watu wa kuklia mizigo ndo penyewe. Nusu ya vijana wetu siku nzima wako bandarini, TRA (mamlaka ya mapato), kwa mawakala wa meli, hiyo siyo ruhusa, ni kazi. Kwa kaunta buku walikuwa wanaonekana watoro wakubwa. Kuna kijana mmoja wa deklaresheni, zile fomu za forodha, ambaye wahasibu walikuwa wanamsema kila kikao kwamba huyu hakai ofisini, tulivyotoa ripoti ya miezi mitatu ikaonekana muda wake binafsi ulikuwa masaa matano kwa miezi yote mitatu, mwingine wote kabonyeza namba 5, yuko nje anapigana na makontena. Mwenye masaa mengi ya binafsi alikuwa mtu wa hukohuko uhasibu, tena ndugu wa bosi, masaa 31 kwa mwezi mmoja. Kimya kikatanda kwenye kile kikao. Mwezi uliofuata masaa yake ya binafsi yakawa mawili na kazi ya nje ikawa 28, mtu wa uhasibu sijui alikuwa anaklia nini. Ndo tukaweka kwamba ukibonyeza 5 lazima ujaze namba ya faili la mteja. Tangu hapo masaa yake yametulia.

Kwenye siri za watu huu mfumo nauwekea alama ya chini kabisa. Ukiomba ruhusa kuna sehemu ya kuandika sababu, na ukikubaliwa taarifa inakwenda kwa kila mtu wa idara yako ili wajue haupo. Taarifa pamoja na sababu! Kuna mtu wetu aliandika kwa uaminifu kabisa anaenda hospitali gani, kitengo gani, kuchukua dawa, na kile kitengo ukikitaja tu wanaojua wanajua. Watu kumi wa idara yake wakaipata kwenye simu. Hakuna aliyesema neno na hilo ndo lilikuwa baya zaidi, kila mtu akawa anamsalimia kwa upole uliozidi. Hiyo sehemu tumeifunga, sasa taarifa inasema "hayupo, atarudi saa fulani" basi. Ila kwa nini ilikuja ikiwa wazi? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na imeanza kutumika Mei 2023, mambo ya afya ya mtu na alama za vidole ni taarifa nyeti, huwezi kuzigawa kama vipeperushi. Ukinunua mfumo wowote wa hivi, siku ya kwanza kabla hujasajili hata kidole kimoja muulize muuzaji: sababu ya ruhusa anaiona nani? Vidole vinahifadhiwa wapi? Akibabaika, ondoka.

Mengine kwa haraka. Watu wanasahau kuweka kidole wakirudi, hii ndo kero ya kila siku, ulitoka nusu saa kwenda benki ukasahau, mfumo unakuhesabu haupo mpaka jioni. Kuna meseji ya kukumbusha, inatumwa dakika kumi baada ya muda wako wa kurudi, iwasheni. Umeme ukikatika mashine yenyewe ina betri na inatunza rekodi mpaka intaneti irudi, hapo sina lawama. Vidole vya watu wa stoo na dada wa usafi vimelika kwa kazi, mashine inavikataa, mtu anapangusa kidole kwenye sketi mara sita watu wanasubiri nyuma, wale tumewapa namba ya siri wanabonyeza tu. Mfumo unapandisha muda kwenda robo saa, ukitoka dakika 22 unaandikiwa 30, kwa mtu anayetoka mara mbili kwa siku inajumlika, tumeiweka kwenye dakika moja moja.

Na chai. Wiki ya kwanza bosi alitaka hata saa nne ukienda kwa mama ntilie hapo nje kuchukua chapati uweke kidole. Watu ishirini foleni getini kutoka, foleni tena kurudi wameshika vikombe, chai ya dakika kumi ikawa ya dakika ishirini na tano. Alikaa dirishani akaiangalia hiyo foleni siku tatu, ya nne akasema chini ya dakika ishirini hakuna kuweka kidole. Katika maamuzi yote ya mwaka mzima hilo ndo liliokoa muda mwingi kuliko mashine yenyewe.

Bei, tunalipa 4,500 kwa mtu kwa mwezi, kwa watu 34 ni 153,000, mashine ya getini tulinunua pembeni. Kwa ofisi ya watu wanane sioni haja, kaunta buku na mtu mmoja mwaminifu vinatosha. Kuna programu za bure kama Kimai ambayo unaiweka kwenye seva yako mwenyewe, ila hapo uwe na kijana wa IT wa kuihudumia, sisi hatuna. Huduma kwa wateja ya hawa wetu wanapokea simu, hilo nawapa, ila kila kitu nilichokuja kukipenda nimekigundua mwenyewe au baada ya mtu kuumia, hawakuwahi kukaa na sisi wakatuuliza nyie mnatokaga kwenda wapi na mnaitaje.

Nawapa nyota tatu na nusu. Mkataba tumeuhuisha mwezi uliopita na nilisema ndiyo bila kusita, kaunta buku sirudi. Tulichowaomba ni saa ya Kiswahili kwenye fomu ya kuombea, hata kama ni kinyota tu pembeni kinachosema saa nne asubuhi, wamesema watalifikisha kwa wanaotengeneza. Ile ruhusa ya kaka wa stoo niliomba waifute, wakasema ikishapitishwa haifutiki. Ipo mpaka leo, ukifungua ripoti ya mwezi wa nne unaikuta, saa kumi alfajiri kumpeleka mama hospitali, imekubaliwa.